Mbwa Wetu Aliyeumwa Mafigo

Mara nyingi husomwa habari za ng'ombe na mbuzi. Leo twaomba nafasi kidogo ya kunena juu ya mbwa. Tunaye mmoja, jina lake Simba, aliyelinda nyumba yetu hapa Marangu kwa miaka 11.

Mwaka jana alianza kunywa maji mengi mno, na usiku akawa akikojoa barazani. Sisi tuliozoea kuwarudi watoto shuleni tukadhani ni utovu wa adabu. Tukamkaripia, na kila jioni tukaliondoa bakuli lake la maji. Twaona haya kuyaandika maneno haya. Akakonda, pumzi yake ikanuka, hata ugali kwa dagaa akaukataa. Ndipo tulipomchukua hadi Moshi kwa daktari wa mifugo. Akampima damu na mkojo, akatuambia ya kuwa mafigo yake yamechakaa, wala hayatapona.

Tukauliza, mbona hatukuona mapema? Akajibu kwamba mafigo yana akiba kubwa, na dalili hazionekani wazi mpaka kiasi cha theluthi mbili za nguvu yake zimekwisha potea. Tena figo bovu haliwezi kuukoleza mkojo; maji hupita ovyo, na mbwa hushikwa na kiu daima. Basi kule kumnyima maji kulikuwa ni kumkausha.

Hata ukarimu wetu ulimdhuru. Dagaa na mifupa vina fosforasi nyingi, ambayo figo bovu hushindwa kuitoa, nayo huzidi kuliharibu. Nyama hakukatazwa kabisa, maana mbwa akipungukiwa mno na nyama huila misuli yake mwenyewe. Sasa hula wali laini, ute wa yai uliopikwa na nyama kidogo yenye mafuta, bila chumvi. Juu yake twanyunyiza unga wa maganda ya mayai kwa kipimo cha daktari, nao huishika fosforasi tumboni isiingie damuni. Twampa kidogo kidogo mara tatu kwa siku, chakula kikiwa vuguvugu, kwa kuwa harufu humwamsha hamu. Mara mbili kwa juma twamtia maji ya dawa kwa sindano chini ya ngozi ya mabega. Hufanya uvimbe kama chungwa, na kufika jioni umekwisha nywea.

Bibi yetu hakuafiki. Siku moja tulimkuta jikoni akimpa mfupa wa mbuzi, naye Simba akatapika siku mbili. Kumkemea mzee hatukuweza. Tulimwomba awe yeye mwenye kulinda bakuli la maji. Tangu hapo hulijaza kabla ya kulala, na hutuuliza kama sindano imekwisha pigwa.

Barazani tumetandika gunia. Asubuhi twalikuta bakuli tupu na gunia limelowa, nasi twalifua kabla ya kwenda shuleni.