Kutoka Kilindini Hadi Jumba la Mtwana kwa Matatu

Makomredi, meli kubwa za watalii zinapotia nanga Kilindini, mambo huwa ni yale yale. Magari ya kampuni za utalii yanapanga mstari, wageni wanashuka na kupakiwa, wanapelekwa Fort Jesus au mbugani Tsavo, kisha wanarudishwa kabla meli haijang'oa nanga. Sisi tunaoishi hapa tunaona tu vioo vyeusi vikipita Moi Avenue. Tumezoea hivyo hadi wengi wetu tunaamini magofu ni mambo ya wageni, na kwamba bila gari la kukodi na mtu aliyeshika kibango chenye jina lako huwezi kufika.

Mimi nabishana na imani hiyo. Nimewahi kuondoka geti la bandari, nikafika kwenye mji wa kale, na mtu niliyekuwa naye akarudi melini kwa wakati, yote kwa tuktuk, matatu na bodaboda. Tena mtu huyo hakuwa mtalii. Alikuwa kaka yangu.

Kaka anafanya kazi kwenye meli ya aina hiyo, kitengo cha usafi wa vyumba. Anatandika vitanda, anabadilisha taulo, anakunja nyingine ziwe kama tembo ili watoto wa wageni wafurahi. Alikuwa hajafika nyumbani kwa miezi minane meli yao ilipopangiwa siku moja Mombasa. Alibadilishana zamu na mwenzake Mfilipino, akapata ruhusa ya kuwa nchi kavu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Abiria walikuwa na muda hadi saa kumi na moja, lakini wafanyakazi hutangulia kurudi. Ukichelewa, meli haikungoji, na huenda kazi yako ikaondoka nayo. Kwa familia yetu kazi hiyo ndiyo kodi ya nyumba, dawa za mama za presha, na sehemu kubwa ya karo yangu ambayo mkopo wa HELB haufiki.

Ujumbe alionitumia ulikuwa mfupi: "Nataka kumwona mama, na nataka kuingia Jumba la Mtwana."

Hilo la kwanza nililielewa. La pili lilinishangaza. Nyumbani kwetu ni Mtwapa, na kutoka barabara kuu hadi Jumba la Mtwana ni kama kilomita 3 tu. Tulikua tukipita kibao chake tukienda shule, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kuingia. Nikampigia kumuuliza kulikoni.

Akanieleza. Katika safari zake za Bahari ya Mediterania alikuwa amejifunza ujanja wa wafanyakazi wa meli, ambao hawana pesa za kulipia ziara za basi. Meli ikitia nanga Piraeus, Ugiriki, wanapanda treni ya mjini hadi Athens na kutembea kuelekea Akropoli. Ikiwa Naples, Italia, kuna treni ya Circumvesuviana inayokwenda Pompeii, unashuka karibu kabisa na lango la magofu. Ikiwa Kuşadası, Uturuki, wanapanda matatu. Huko zinaitwa dolmuş, na jina lenyewe linatokana na kujaa, maana haziondoki mpaka zijae. Unamwambia dereva unashuka Efeso, anakuacha njia panda, na safari iliyobaki ni ya miguu.

"Nimeona Efeso kwa matatu," akaniambia. "Wenzangu wananiuliza kwetu kuna nini, nawajibu kuna ufuo. Ufuo kila mtu anao, mdogo wangu."

Basi tukapanga.

Kwanza tulitazama umbali. Magofu ya Gede, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, yako karibu kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa. Ni mazuri, yana msikiti mkuu na jumba la kifalme ndani ya msitu, na matatu za Malindi zinakuacha Gede yenyewe. Lakini kwa mtu mwenye saa saba tu mkononi, kwenda na kurudi ni kucheza kamari. Jumba la Mtwana ni karibu kilomita 20 kutoka bandarini. Barabara ikiwa wazi, unafika bila hata saa moja kupita. Tatizo ni kwamba barabara ya Mombasa kwenda Malindi haina adabu. Ukikuta msongamano Kongowea, Bamburi au Mtwapa kwenyewe, dakika arubaini zinageuka saa mbili.

Kwa hiyo tulihesabu kinyumenyume. Saa kumi kamili kaka awe amekanyaga ngazi ya meli. Saa tisa na nusu tuwe getini. Tukiipa barabara saa mbili na nusu ya kutufanyia vituko, lazima tuondoke magofuni saa saba kamili. Mtu yeyote anayetaka kutoka bandarini kivyake, awe mgeni au mwenyeji, naomba aanze na hesabu hiyo. Basi la ziara iliyoandaliwa na meli likikwama, meli hulisubiri. Ukitoka kivyako, hakuna wa kukusubiri. Hiyo ndiyo bei halisi ya uhuru, na ni haki kuitaja kabla hatujasifu unafuu wa nauli.

Saa tatu na dakika kumi alitokea getini na kijibegi mgongoni. Tulikumbatiana haraka, tukachukua tuktuk hadi mjini. Pale tukadandia matatu ya Mtwapa, nauli shilingi 100 kila mtu. Makanga alipomwona kaka na fulana yenye nembo ya meli alianza kumsemesha Kiingereza. Kaka akamjibu, "Ndugu yangu, mimi wa Mtwapa, nipe chenji yangu." Gari zima likacheka. Tukavuka daraja la Nyali, tukapita Kongowea na Bamburi, kisha Shanzu, na saa nne na robo tulikuwa tunashuka Mtwapa.

Mama alikuwa anatungoja stejini, hakutaka kukaa nyumbani. Alikuwa amebeba mahamri na mbaazi kwenye chombo alichokifunga kwa kanga. Alimshika kaka mashavu, akamwangalia muda mrefu, akasema, "Babangu, umekonda. Huko hawapiki?" Kaka akamweleza mpango wetu. Nilidhani mama atasema twendeni nyumbani tukakae. Akasema, "Miaka thelathini naishi hapa, na huko ndani sijui kuna nini. Twendeni sote."

Tukachukua bodaboda tatu hadi langoni. Mwananchi analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na tulilipa kwa simu. Wale ambao hutumia shilingi mia kadhaa kwa chipsi na kuku kila Ijumaa, kiingilio hakitawashinda. Tulimchukua pia kiongozi wa pale pale, na hilo ndilo shauri langu la pili. Mawe hayasemi yenyewe. Bila mtu wa kukueleza, utaona kuta na mibuyu, upige picha mbili, urudi.

Jumba la Mtwana ni mji wa Waswahili wa karne ya 14. Misikiti minne, kaburi na nyumba nne bado zinatambulika vizuri, zote zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hakuna kumbukumbu yoyote iliyoandikwa kuhusu mji huo. Umri wake umejulikana kwa vigae vya vyombo, hasa vya Kichina, vilivyofukuliwa. Aina zilizopo ni za zamani, na zile za baadaye hazipo kabisa, kwa hiyo wataalamu wakakadiria kwamba watu waliuhama mwanzoni mwa karne ya 15. Mwanaakiolojia James Kirkman ndiye aliyefukua mahali hapo mwaka 1972. Nilipenda sana hoja hiyo ya vigae. Wewe unayesoma historia na unalalamika kwamba miji yetu haina maandishi, ujue mabaki ya sahani iliyovunjika yanaweza kusema tarehe.

Kaka alikuwa na swali la kibaharia: bandari iko wapi? Kiongozi akacheka. Hapakuwa na bandari. Mji ulikaa pale kwa sababu ya maji matamu na pepo za kaskazi na kusi zilizowapoza watu, na pia, inavyofikiriwa, kwa sababu adui asingeweza kuuvamia kirahisi kutoka baharini. Vyombo vikubwa ilibidi vikae mbali, au labda viingie hori la Mtwapa. Kaka alisimama kando ya Msikiti wa Baharini, akatazama maji kwa muda. Kisha akasema wakubwa wake melini wangelazimika kushusha boti ndogo hapa, na wangelalamika sana.

Mama kilichomgusa ni vyoo. Nyumba zile zina sehemu za kuogea na vyoo ndani, kwa mpango ulio wazi hata leo kuta zikiwa nusu. Alizunguka chumba kimoja mara mbili, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Watu hawa walijiweza." Makomredi, mimi naishi hosteli ambako watu kumi na sita tunapanga foleni mbele ya bafu moja, na maji yanakuja siku yanayotaka. Zaidi ya miaka 600 iliyopita, kilomita chache kutoka kwetu, mtu alikuwa na choo chake ndani ya nyumba. Sikujua nicheke au nikasirike.

Tulipofika kaburini, penye aya ya Kurani iliyochongwa juu ya jiwe, hatukusema kitu. Baba amezikwa Mtwapa, na kaka alikuwa baharini siku ya mazishi. Mama alisoma Fatiha. Kaka alisimama nyuma yake, mikono wazi, mpaka mama akamaliza. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa alichokuja kutafuta, ingawa sikumuuliza na yeye hakusema.

Tulikula mahamri chini ya mbuyu. Saa saba kasoro dakika tano mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Inuka. Hiyo meli si ya babako."

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Matatu tuliyopanda ilivuka daraja la Mtwapa kwa mwendo wa konokono, na Shanzu ikasimama kabisa. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu tulikuwa bado tunatazama lori lile lile. Kaka hakuongea, alikuwa anazungusha kitambulisho chake vidoleni. Tukaamua kushuka. Tulichukua bodaboda mbili, tukavaa kofia, tukawaambia madereva wasikimbie ila wasisimame, wakapenya hadi Buxton. Kutoka hapo tuktuk ilitufikisha geti la bandari saa tisa na dakika ishirini. Ile saa mbili na nusu ilikuwa imeliwa karibu yote, lakini ilitosha.

Nikafanya hesabu usiku ule. Nauli za siku nzima, viingilio vitatu na posho ya kiongozi, vyote pamoja havikufika nusu ya bei ambayo kaka aliniambia abiria mmoja hulipa kwa ziara ya nusu siku. Na pesa yetu ilibaki kwa dereva wa tuktuk, makanga, vijana wa boda, kiongozi, na makavazi yenyewe. Sisemi ziara za mabasi ni dhambi. Kuna wazee, kuna wagonjwa, kuna watu wenye watoto wadogo, na basi linalosubiriwa na meli lina thamani yake. Ninachosema ni kwamba barabara ile ile iko wazi kwa kila mtu, na sisi ndio tunaoijua zaidi.

Ndiyo maana nawaandikia. Chama chetu kila mwaka kinakodi basi la safari ya burudani, na kila mwaka ombi la kwenda magofuni linakataliwa kwa sababu basi ni ghali. Basi la nini? Jumamosi moja, watu ishirini, matatu mbili. Mtoke mapema kabla ya msongamano, mbebe maji, mvae viatu vya kutembelea. Mkiwa na siku nzima, pandeni ya Malindi mshuke Gede. Mkiwa na asubuhi tu, Jumba la Mtwana linatosha.

Mama ameshakwenda tena mara mbili. Mara ya mwisho aliwapeleka wanawake wanne wa chama chake cha akiba, na kiongozi akanipigia simu kuniambia alikuwa anawaeleza habari za vyoo kabla yeye hajafungua mdomo.