Waraka za Dhahabu za Istanbul

Yapo mambo ambayo mtu hayajui thamani yake mpaka kwanza ayanunue vibaya. Sisi yalitufika hayo kwa sababu ya kibao cha kioo cha madrasa yetu, hapa pwani. Wazazi walichanga fedha zao ili juu ya mlango paandikwe Bismillahi kwa dhahabu, nasi tukapewa amana ya kununua vifaa. Tulinunua kijitabu cha karatasi zing'aazo, tukaambiwa ni dhahabu, tukasadiki. Mwaka haukutimia, hewa ya chumvi ikazila, na herufi zikaingia weusi na ukijani. Mtoto mmoja akatuuliza, "Mwalimu, kwani dhahabu huota kutu?" Tulikishusha kibao kwa haya.

Mwaka 2023, tulipokuwa tukirejea kutoka Umra, safari yetu ilipitia Istanbul, tukakaa huko siku 2. Sala ya Adhuhuri tuliisali Ayasofya, jengo lililokamilishwa mwaka 537, likafanywa msikiti mwaka 1453, na likarejeshwa kuwa msikiti mwaka 2020. Ukiinua macho humo waona mabamba makubwa 8 ya mviringo, kila moja lina upana wa kiasi cha mita 7 na nusu, yenye Jina la Mwenyezi Mungu, la Mtume wetu, la Makhalifa wanne, na la Hasan na Husein, kwa herufi za dhahabu juu ya rangi ya kijani. Aliyeyaandika ni Kazasker Mustafa İzzet Efendi, katika matengenezo ya miaka ya 1847 hadi 1849. Na dari za kale hung'aa kwa vipande vidogo vidogo vya kioo, ambavyo ndani yake dhahabu nyembamba imefungwa kati ya kioo na kioo. Karne zimepita, wala haikuota kutu. Hapo tukapata jibu la yule mtoto: dhahabu haioti kutu, tulichokinunua hakikuwa dhahabu.

Baada ya sala tulipanda mpaka Beyazıt, tukapita Sahaflar, soko la vitabu lililo kati ya msikiti na lile soko kuu lililoezekwa. Si mbali na hapo tuliona duka dogo la vifaa vya waandishi wa hati. Mwenyewe alikuwa mzee aliyejua Kiarabu, akatukaribisha chai, akatuita "Hocam," yaani mwalimu wangu. Tulipomweleza haja yetu alisema neno varak, nasi tukatabasamu, kwani ni ndugu wa waraka wetu. Yote mawili yametoka katika Kiarabu.

Tuliomba vijitabu 3. Akauliza, "Ni kazi yako ya kwanza?" Tukakiri. Akarudisha viwili rafuni, akatuachia kimoja chenye waraka 25, kila mmoja sentimita 8 kwa 8. Dhahabu iliyomo yote haitimii nusu gramu, maana waraka hizo hufuliwa mpaka zikawa nyembamba hata kiasi cha 10,000 zikipangwa pamoja ndipo hutimia unene wa milimeta 1.

Kisha akatufunza kuzijua. Aliuinua waraka mmoja mbele ya taa, na mwanga uliopenya ukawa wa kijani. Akainua na mwingine, wa shaba iliyochanganywa na zinki. Huo haukupenyeza kitu. Akausugua ule wa dhahabu kati ya vidole, ukatoweka. Wa shaba ukavunjika vipande vipande. Kwa kibao kitakachokaa nje, alisema, usishuke chini ya karati 22. Tena zipo zilizogandishwa juu ya karatasi laini, nazo ni rahisi kwa mwanafunzi katika mbao na chuma. Lakini mwenye kazi ya kioo na anunue zilizo huru, zisizo na vitobo.

Tulipotaka kuaga alituzuia. "Hujaniuliza juu ya gundi." Dhahabu hushikishwa kiooni kwa maji ya jelatini, na jelatini nyingi ulimwenguni hutokana na nguruwe. Tulishituka. Tungeliandika Bismillahi kwa kitu hicho, na sisi ndio walimu! Akatupa ya ng'ombe, pamoja na brashi pana ya manyoya ya kindi, akachukua bei yake tu. Fedha zilizobaki tulizirudisha kwa wazazi.

Nyumbani tulianza na kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika. Jelatini kidogo sana huyeyushwa katika maji moto yaliyotoneshwa, kwani ikizidi dhahabu hufifia. Kioo kikishasafishwa barabara, hulowanishwa upande wa nyuma. Brashi hupitishwa shavuni ipate mafuta kidogo, nayo ikiukaribisha waraka, waraka hurukia maji wenyewe. Ukishakauka, maandishi huchorwa juu yake kwa rangi ya mafuta, kinyume, kama yaonekanavyo katika kioo cha kujitazamia. Kisha dhahabu isiyofunikwa na rangi hufutwa kwa pamba mbichi. Waraka 6 zilituharibikia, mmoja ukachukuliwa na pumzi zetu wenyewe. Hapo tukamshukuru yule mzee kwa viwili alivyotunyima.

Kibao kiko mlangoni sasa. Vijana wetu, mkitaka kununua msichokijua, nunueni kidogo, ulizeni sana, na amana ya watu iwe mbele ya macho yenu. Na nyinyi mlio wafanya biashara, mkumbukeni mzee wa Beyazıt: faida ya vijitabu viwili aliiacha, lakini dua zetu anazipata kila tufunguapo mlango. Mwenyezi Mungu ambariki katika mali yake, na atujaalie sote biashara ya halali. Amin.