Mama alichukua simu, tawi likabaki tupu

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ana sheria moja nyumbani: ikifika saa tatu usiku, simu yake irudi mkononi mwake.

Siku hiyo binti yake wa kidato cha pili aliomba dakika kumi zaidi.

"Mama, ni kazi ya kundi."

Mama akachungulia. Akaona mistari ya rangi iliyosambaa kama matawi ya mti, na maneno yakijiandika yenyewe bila binti kugusa kioo. Akadhani ni gemu. Akaichukua simu, akazima data, akaenda kulala.

Kesho yake binti alirudi shule amenuna. Alipoulizwa mara ya tatu ndipo akasema. Mwalimu wa baiolojia aliwapa watoto watano kazi ya kuchora ramani ya mawazo kuhusu kipindupindu, kwa kutumia Coggle, programu ya mtandaoni. Jina la ugonjwa lilikaa katikati, kila mtoto akachukua tawi lake: chanzo, kuenea, dalili, tiba na kinga. La kwake lilikuwa kinga. Kundi liliposimama mbele ya darasa, tawi hilo lilikuwa na neno moja tu, "maji". Wenzake walimlaumu, darasa likacheka.

Mama alinyamaza. Yeye ni mama lishe. Maji ya kunywa ya wateja huyachemsha, chakula hukipakua kikiwa cha moto, na ndoo ya kunawia yenye koki haikosi sabuni. Kinga ya kipindupindu ndiyo kazi yake ya kila siku, na mwanawe ameaibika kwa kukosa cha kuandika.

"Nisamehe mwanangu," akasema. "Sikuuliza. Hebu nionyeshe."

Wakakaa pamoja. Binti akaeleza kwamba ramani hizi si jambo jipya. Mwingereza Tony Buzan alizipa umaarufu tangu miaka ya 1970, zikichorwa kwa kalamu za rangi kwenye karatasi. Mada hukaa katikati, matawi hutoka kila upande, na kila tawi huwa na maneno machache. Kilichoongezeka mtandaoni ni kwamba watoto watano, kila mmoja kwao, wanaandika kwenye ramani ileile kwa wakati mmoja. Yale maneno yaliyojiandika usiku ule yalikuwa ya wenzake. Programu pia hutunza kumbukumbu ya mabadiliko, hivyo tawi likifutwa kwa bahati mbaya, inawezekana kurudi nyuma na kuona lilivyokuwa.

Mama akauliza swali ambalo binti hakuwahi kulifikiria: "Na nani mwingine anaona haya?"

Wakatafuta jibu. Akaunti ya bure hutoa ramani 3 za faragha. Zinazozidi hapo huwa wazi kwa watu wote. Na kwenye ramani yao kila mtoto alikuwa ameandika jina lake kamili na jina la shule. Binti akawatumia wenzake ujumbe, wakafuta, wakabakiza majina ya kwanza tu.

Jumatatu mama alimpigia mwalimu.

"Shikamoo mama," mwalimu akaanza.

"Marahaba mwalimu. Ile ramani ilikwama kwangu, si kwa mtoto."

Mwalimu akakiri kwamba hakujua wanafunzi wengi wanategemea simu za wazazi usiku, na bando la wazazi pia. Wakakubaliana jambo rahisi: ramani ianze darasani kwenye karatasi, kila mtoto atoe mawazo yake hapo, kisha iingizwe mtandaoni mwisho wa wiki. Asiye na simu, tawi lake liingizwe na mwenzake, huku jina la mwenye kazi likibaki. Kundi likapewa nafasi ya kuwasilisha tena.

Sheria ya saa tatu ipo palepale, kwa sababu mtoto anahitaji usingizi. Ila sasa, robo saa kabla, mama huuliza: "Unafanya nini? Nionyeshe." Siku nyingine ni video za kuchekesha, na simu huondoka hapohapo. Siku nyingine ni kazi, na huachiwa amalize.

Tawi la kinga sasa lina vijitawi vitano. Cha ndoo yenye koki alikitaja mama.