Tumbo la Bibi Halikuwa Chango

Leo hatuna mapishi.

Sisi wajukuu wa Handeni tulioolewa Unguja tunajijua: bibi akisema tumbo, jibu la kwanza ni chango, la pili mzizi wa kuchemsha. Mwaka jana bibi yetu wa Chanika alishikwa baada ya Alfajiri. Anagaagaa mkekani, jasho linamtoka, katapika, kaenda choo mara mbili mfululizo. Mama akambonyeza tumbo: laini kabisa. Hapo ndipo wengi hutulia. Mama hakutulia, maana anajua moyo wa bibi hudunda bila mpangilio. Akatafuta gari la Korogwe, na dua tukaomba gari likiwa linakwenda, wengine kwenye simu huku kisiwani.

Moyo wa namna hiyo huacha damu igande ndani yake. Kipande kikichomoka, chaweza kuziba mshipa unaolisha utumbo, na utumbo uliokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache, sita hivi. Kinachodanganya ni kwamba mwanzoni tumbo halionyeshi kitu. Likishakuwa gumu kama ubao, mara nyingi utumbo umeshaharibika. Kwa hiyo mtu mzima akilia kwa maumivu makali ya ghafla na ukimgusa tumbo ni laini, usiseme anadeka. Usimpe mzizi wala dawa ya kuharisha. Mpeleke, na ukifika taja habari za moyo kabla ya yote.

Ipo pia inayokuja polepole, na hiyo jamani sisi wanawake huisifia! Mama wa miaka sitini na kitu anapungua, tunasema mashallah, amejikaza na dayati. Kumbe kila akila, ndani ya nusu saa au saa moja tumbo linamkata, mpaka anaogopa sahani. Kama ana presha au sukari, au alivuta sigara, muulizeni vizuri.

Na utumbo uliojisokota au ngiri iliyonasa hukata damu vilevile. Huko tumbo hufura, choo na upepo vikakataa kutoka.

Bibi alipasuliwa siku hiyo hiyo, akaondolewa kipande cha utumbo. Sasa anakula bada kidogo kidogo, anameza dawa ya kuzuia damu isigande, na anauliza nani kautupa mzizi wake uliokuwa jikoni.