Kisanduku Kilichofunikwa: Kukagua Saketi Isiyokamilika

Wanachuo wetu hupenda kusema kwamba kazi isiyokamilika haihukumiwi. Katika somo la saketi za kidijiti imani hiyo ni kikwazo, kwani kosa lililochelewa kuonekana lina gharama kubwa. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya, kwa kuwa nafasi 5 katika jedwali lake ziliachwa bila kujazwa. Kampuni hiyo ilitenga dola milioni 475 kufidia hasara.

Basi sisi hufundisha hivi. Twataka saketi ya kura tatu, P, Q na R, ambayo jibu lake ni 1 iwapo kura zisizopungua mbili ni 1. Ubaoni twachora lango NA moja linalopokea P na Z. Z ni jibu la kisanduku kilichofunikwa, kinachopokea Q na R. Yaliyomo ndani hayajabuniwa. Je, pana kosa? Wanachuo huandika mistari 8 ya jedwali. Pale P ni 0, na Q na R ni 1, jibu latakiwa liwe 1. Lakini lango NA lililopokea 0 hutoa 0, Z iwe iwavyo. Kosa limethibitika kabla kisanduku hakijafunuliwa.

Kisha twaongeza njia ya pili, Q NA R, na kuziunganisha njia hizo kwa lango AU. Sasa Z ikifanywa Q AU R, mistari yote hutimia.

Hatua ya tatu ndiyo nzito. Twaukata waya wa R uingiao kisandukuni. Mstari mmoja mmoja bado waweza kuokolewa kwa kuchagua Z ifaayo. Lakini P ikiwa 1 na Q ikiwa 0, R ya 1 yadai Z iwe 1, na R ya 0 yadai Z iwe 0. Kisanduku kinachoiona Q peke yake hakiwezi kuzitofautisha hali hizo mbili. Hakuna fundi awezaye kukijaza.

Saketi ya kujumlisha namba mbili za biti 64 haina jedwali liandikikalo. Huko kompyuta hufuata kanuni za mantiki. Swali, hata hivyo, ni lile lile, nalo lamhusu kila mwalimu asahihishaye madaftari: je, hili ni pengo lingojalo kujazwa, au ni kosa lisiloweza kuponywa na ukamilifu wowote?