Siku Moja ya Usukani Unguja

Wapenzi wa magari wenye fedha zao siku hizi hawaridhiki na kutazama mashindano kwenye televisheni. Wanataka kuingia wenyewe uwanjani. Ule uwanja wa Yas Marina kule Abu Dhabi, unaotumiwa na Formula One tangu 2009, siku ambazo hakuna mashindano unalipa, unavalishwa kofia ngumu, mwalimu anakaa pembeni, unakanyaga mafuta mpaka roho ikusuuzike. Hakuna trafiki, hakuna tuta, hakuna ng'ombe.

Unguja ni habari nyingine kabisa. Kisiwa chote kina urefu wa kilomita 85 hivi, ukichangamka sana bahari inakusimamisha. Na ng'ombe wapo! Lakini kwa watu wawili waliooana nasema hivi: kodini gari kwa siku moja, mgawane usukani nusu kwa nusu, halafu uniambie kama hukumjua mwenzako upya.

Sisi tulikuwa na sababu yetu. Mume wangu ana presha ya macho. Ugonjwa huu ukishakula uoni wako haurudishi, dawa zinazuia usiendelee tu. Daktari alimwambia mchana bado anaruhusiwa, ila jua likizama asiguse usukani, na siku inakuja atauacha kabisa. Sasa huyu ni mtu aliyekua amebandika sikio kwenye redio akifuatilia Safari Rally, anakutajia Shekhar Mehta kashinda mara 5, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, utadhani alikuwa kiti cha nyuma. Leseni ninayo mwaka wa 9, lakini safari ndefu na yeye pembeni nikiendesha mimi? Haijawahi kutokea. Nyumbani hatulizungumzi. Akasema yeye mwenyewe, twende Unguja, nikaendeshe siku moja ya kushiba.

Tulishuka boti Malindi asubuhi. Mji Mkongwe tuliupita kwa miguu, maana vichochoro vile vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, Vespa yenyewe inapita kwa kuomba radhi. Gari ndogo ya Suzuki tuliikuta Darajani, namba yake inaanza na Z kama magari yote ya huku. (Mgeni kutoka nje ya nchi ajue atahitaji kibali cha kuendeshea hapa Zanzibar. Mwenye gari ndiye kwa kawaida anayekushughulikia, ulizia mapema.) Kijana aliyetukabidhi alitutazama, akampa mume wangu funguo bila kuuliza, akasema, "Nendeni taratibu mzee wangu, ng'ombe wa huku hawana breki."

Tukashika njia ya kusini: Mnazi Mmoja, Mwanakwerekwe, kipilefti, halafu Tunguu. Mwendo kasi si mgeni hapa, eti. Mwaka 1905 tayari kulikuwa na treni kutoka mbele ya Ngome Kongwe mpaka Bububu, kilomita 11 hivi, reli iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Haikuvuka miaka ya 1920. Ukifika Bungi, mwambie mwenzako habari za Bi Khole, binti wa Seyyid Said, aliyekuwa na shamba lake huko. Wenyeji husimulia kwamba miembe ya kando ya barabara aliipanda yeye, mmoja kwa kila mpenzi. Mume wangu akaanza kuhesabu kwa sauti. Nikamwambia angalia mbele.

Akaangalia mbele kweli, na hapo ndipo nilipomwona. Ameshika usukani kwa mikono miwili, anabadilisha gia kwa upole kama anamgeuza mtoto aliyelala, kichwa anakizungusha kushoto na kulia kuliko zamani. Anakitafuta kile ambacho pembe za macho hazimpi tena. Sikujua kwamba ameshajifundisha hivyo, kimya kimya, huko Dar.

Jozani barabara inapita katikati ya msitu. Humo wanaishi kima punju, ambao duniani kote utawakuta Zanzibar tu. Matuta yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yanawaua. Pale ndipo aliponipa kalamu na ile karatasi ya mkataba wa gari. "Andika," akasema. "Tuta. Kona ya kulia. Skuli. Tuta mbili." Nikaandika mpaka Paje bila kuelewa.

Paje nisikuchoshe. Pweza wa nazi, maji yamekupwa mpaka mbali, akina mama wanarudi na mwani, sisi tumelala kivulini kama watu wasio na watoto.

Saa kumi na moja na nusu jioni akanipa funguo. Mikono yangu ilikuwa na jasho, nakwambia. Magharibi ikatukuta kabla ya Jozani, na giza la huku likiingia linaingia lote: baiskeli bila taa, pikipiki yenye jicho moja, daladala inayosimama popote. Nilitegemea makelele, "Breki! Breki!", kama waume wote wanavyofanya. Badala yake akawasha taa ya simu, akaigeuza ile karatasi juu chini na kuanza kunisomea kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kulia imegeuka kushoto. "Tuta mbili. Skuli. Kona ya kushoto, taratibu, sasa nyoosha."

Kumbe ndivyo wanavyofanya kwenye rali. Dereva haendi peke yake, pembeni ana mtu wa kumsomea njia, na Mehta naye alikuwa naye, mara nyingi Mike Doughty. Nilikuwa nasikia majina hayo miaka yote nikidhani ni mambo ya wanaume.

Mara moja tu mguu wake ulikanyaga breki ambayo haipo, karibu na Tunguu. Tukacheka wote wawili.

Darajani tulifika saa mbili kasoro usiku. Yule kijana akazunguka gari kutafuta mikwaruzo, hakuna. Akaja mlango wa kushoto, akanyoosha mkono apewe funguo.

"Muulize dereva," mume wangu akamjibu.