Mkongojo wa Mama



Ndugu zangu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu, leo naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe, kwani huenda likamfaa aliye na mzazi mzee nyumbani.

Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa Malindi, akiwachukua wageni baharini kuvua. Alipofariki, tulikuta katika vitu vyake fimbo ya kuvulia samaki iliyovunjika, lakini mpini wake ulikuwa mzima. Mpini huo ni wa lile gome jepesi linalofanyiwa vizibo vya chupa. Gome hilo hubanduliwa katika miti ya Ureno, Hispania na Morocco kila baada ya miaka 9 hivi, na mti wenyewe hubaki hai. Ndani yake mna hewa nyingi, kwa hiyo haliumizi kiganja, wala halitelezi likirowa.

Mama yangu ana maumivu ya viungo vya vidole, na mpini wa mti mgumu humtesa. Alipokuja kukaa nasi Machakos, ninakosomesha, niliona vyema kuuhamishia mpini ule wa baba kwenye mkongojo wake. Alipoushika mara ya kwanza alisema, "Mwanangu, umenirudishia mkono wa baba yako."

Lakini mimi nilitazama sura ya kazi tu. Nilichukua gundi nyeupe ya maseremala iliyokuwa karibu, nikapaka baada ya Isha, na asubuhi nikamkabidhi. Sikujiuliza mkongojo ule utapitia mambo gani. Mama hutawadha mara tano kwa siku, kisha huushika kwa mikono yenye maji, na maji hayo huteremka mpaka ndani ya tundu la mpini. Baada ya wiki kadhaa, alfajiri moja, gundi iliyokwisha kulainika iliachia. Mpini ukazunguka, ukachomoka, na mama akaanguka mlangoni. Alhamdulillahi, mfupa haukuvunjika, ila kifundo cha mkono kilivimba. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliuliza tu kama mpini wa baba umesalimika. Swali hilo lilinichoma kuliko lawama.

Nikauchukua mkongojo hadi Wamunyu, katika kaunti hii hii ya Machakos, kwa wachongaji wa Kikamba. Husimuliwa huko kwamba Mutisya Munge ndiye aliyeanzisha kazi ya kuchonga kwa biashara, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, alipokwisha kuwaona wachongaji wa Tanganyika. Mzee mmoja aliweka tezo lake chini, akautazama mkongojo, akaniuliza, "Shehe, anayeutumia ni nani, na anautumia wapi?" Hilo ndilo swali ambalo mimi sikuliuliza.

Kisha akanieleza gundi moja baada ya nyingine. Gundi nyeupe ya kawaida ni nzuri kwa mbao zilizokutana barabara, mahali pakavu. Hapa tundu ni pana kuliko fimbo, na maji hayakosi. Gundi ya mafundi viatu haiwi ngumu kabisa, na joto likizidi mpini huanza kusogea. Ile ya kukauka mara moja haikupi nafasi ya kunyoosha kazi, na ikigongwa hupasuka. Inayofaa ni epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa kwa kipimo kilicho sawa. Hiyo hujaza uwazi, na ikishakauka maji hayailainishi. Tena akashauri ile ya kukauka polepole, kwa kuwa hushika kwa nguvu zaidi kuliko ya dakika 5.

Hapo nikamuuliza jambo linalotuhusu sisi. Zamani maseremala walipika gundi kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ngozi ya mzoga hutwaharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, lakini mfupa wa mzoga ni najisi, na haijuzu kusali ukiwa umebeba najisi. Wenzetu wa Hanafi wana kauli nyepesi zaidi juu ya mifupa. Mama huuegemea mkongojo wake hata ndani ya sala, na khatibu hushika fimbo juu ya mimbari, basi si jambo la kupuuza. Epoksi hutengenezwa viwandani kwa kemikali, si kwa mifupa, na moyo wangu ukatulia.

Mzee akaikwangua gundi ya zamani yote. Fimbo ni ya muhugu, mti wenye mafuta na harufu nzuri, na mafuta hukataa gundi. Kwa hiyo aliipiga msasa upya, akaifuta vumbi, akapaka papo hapo. Akafunga kwa ukanda wa mpira, akaniambia, "Huku kwetu Julai ni baridi, na baridi huchelewesha gundi. Usimpe mama mpaka kesho jioni." Nilitii. Nilingoja siku nzima, mimi niliyeshindwa kungoja mara ya kwanza.

Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hupenda mtu afanyapo kazi aifanye kwa ukamilifu. Nimeisomesha Hadithi hiyo miaka mingi, nikidhani inawahusu mafundi. Kumbe inamhusu pia mwana anayemhudumia mzazi wake. Nilifanya wema kwa haraka, nikaridhika na furaha yake ya siku ya kwanza, na sehemu isiyoonekana nikaiacha dhaifu. Naye alikuwa ameweka uzito wake wote juu ya sehemu hiyo.

Basi ndugu zangu, tunapowatengenezea wazee wetu kitu, iwe mkongojo, kitanda au ngazi ya mlangoni, tuulize kwanza wataegemea wapi, na maji yatapita wapi. Mama sasa anautumia mkongojo wake, na kila Ijumaa mimi huukagua mpini kwa mkono wangu kabla ya kwenda msikitini. Yeye hucheka na kuniambia, "Umeshika, mwanangu, umeshika."

Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu afya, awarehemu waliotangulia, na atusamehe kwa yale tuliyoyafanya nusu nusu. Amin.